Jeki ndani ya mgongo: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu vipandikizi vinavyopanuka

Siku ya mchango wa upasuaji wa mgongo wa shangazi, pale Umoja, Nairobi, nilisikia mengi kuhusu mgongo kuliko ninayosikia kazini kwa mwezi mzima. Kazi yangu ni vifaa vya tiba. Baba yangu, kaka yake shangazi, alikuwa fundi wa magari Grogan kwa miaka mingi. Kwa hiyo binamu mmoja aliposema, "Wanamwekea jeki mgongoni," wote walinigeukia.

Hakukosea sana. Diski moja ya kiuno cha shangazi, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, ilikuwa imechakaa, pingili mbili zikakaribiana, na mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni ukabanwa. Katika upasuaji wa namna hii daktari huondoa diski, kisha huingiza kati ya pingili kipandikizi ambacho wataalamu hukiita keji. Kinaingia kikiwa kifupi, vingi milimita 7 au 8 hivi, halafu kinazungushwa kwa bisibisi ndefu. Skrubu iliyo ndani inasukuma kabari, na keji inainuka. Kwa kuwa imeingia ikiwa nyembamba, mishipa ya fahamu haivutwi sana pembeni ili kuipisha. Hiyo ndiyo faida yake iliyo wazi kuliko zote. Mengine niliyoyasikia siku ile yalihitaji kunyooshwa.

"Ikipanuka zaidi, mgongo unanyooka zaidi"

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko nyingine, kwa sababu hata watu wa fani yangu huvutwa nayo. Kampuni husifia kimo ambacho keji inaweza kufikia, na ni rahisi kuamini kwamba milimita nyingi ni ushindi mkubwa.

Baba alikuwa na kipande cha mbao ngumu alichokiweka chini ya jeki kila gari lilipokwama penye udongo laini. Bila ule ubao, unazungusha, unazungusha, na gari halipandi. Jeki ndiyo inayozama. Mgongoni hali ni hiyo hiyo. Keji inakalia bamba jembamba la mfupa lililofunika pingili, na katikati ya pingili bamba hilo halifiki hata milimita moja. Chini yake ni mfupa wenye vitundu kama sponji. Ukisukuma kupita kiasi, bamba linavunjika na keji inazama ndani ya pingili. Kimo ulichokipata mezani kinapotea baada ya miezi, na mshipa wa fahamu unaweza kubanwa tena.

Kuna jambo jingine hapa, na natamani lingezungumzwa zaidi. Skrubu inakuza nguvu ya mkono. Ndiyo maana mtu mmoja anainua matatu nzima kwa jeki. Lakini skrubu hiyo hiyo inamnyima daktari hisia. Mfupa unapoanza kukubali kushindwa, mkono wake hausikii vizuri. Kwa hiyo kuboresha keji maana yake si kuongeza kimo tu. Ni kutengeneza bisibisi inayokataa kuzunguka nguvu ikipita kikomo. Ni kupanua nyayo za keji ili mzigo utawanyike, na kuzifikisha karibu na ukingo wa pingili, ambako mfupa una nguvu kuliko katikati. Zipo sasa keji zinazopanuka kwa upana kwanza ndipo zipande juu. Naliona wazo hilo kuwa zuri kwa sababu limeanzia kwenye ardhi jeki inapokaa.

"Chuma ndicho kitakachobeba mgongo maisha yote"

Mjomba mmoja alisema hivi kwa uhakika mkubwa, na niliona shangazi akitulia moyo. Ilibidi niongee taratibu.

Keji ni kama miti inayoshikilia slabu kwenye jengo: inabeba mpaka zege lishike. Zege la mgongo ni mfupa. Daktari hujaza vipande vya mfupa ndani na kando ya keji ili pingili mbili ziungane ziwe kitu kimoja, kazi inayochukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Maabara hujaribu keji kwa kuibana na kuiachia mara milioni 5, nayo inatakiwa isivunjike. Hata hivyo mtu hujongea kila siku, na mfupa usipounga, kitu fulani hatimaye kitalegea. Uvutaji wa sigara huzuia mfupa kuunga, na hilo nililisema wazi nikijua nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma.

Hapo wabunifu wanakuna vichwa. Kabari na skrubu zinakula nafasi ile ile ambayo mfupa ungekaa. Tena, ukijaza mfupa kabla ya kupanua, keji ikiinuka inabaki pengo juu yake, na mfupa hauvuki pengo kwa urahisi. Ndiyo sababu miundo mingi mipya ina njia ya kusukumia mfupa ndani baada ya keji kupanuka. Ukiniuliza, ningechagua keji yenye milimita chache na uwazi mkubwa.

"Kigumu zaidi ndicho imara zaidi"

Titani, chuma kinachotumika hapa, ina ugumu wa takriban gigapaskali 110 (kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kubonyea). Gamba gumu la mfupa lina kama 15 hadi 20. Tofauti hiyo haiupendezi mfupa. Plastiki iitwayo PEEK ina 3 au 4 tu na haizuii eksirei, kwa hiyo daktari anaona mfupa ukikua, ila mfupa haushiki vizuri juu yake. Siku hizi titani huchapwa kwa printa za 3D ikiwa na matundu madogo: ugumu wake unapungua kidogo, na mfupa unapata pa kushika. Kwa keji zinazopanuka, kazi ni kuyaweka matundu hayo kwenye nyayo huku mitambo ya ndani ikibaki imara.

"Itaendelea kupanuka kila mwaka"

Hapana. Keji ya mtu mzima hupanuliwa siku ya upasuaji, basi. Aliyesema hivi alichanganya na fimbo za watoto ambao mgongo umepinda wangali wadogo. Hizo hurefushwa kadiri mtoto anavyokua, na zipo zinazorefushwa kwa sumaku kutoka nje bila kupasua tena. Nazo zina somo lake: mwaka 2020 Uingereza ilisimamisha matumizi ya fimbo za sumaku za MAGEC kutokana na maswali ya usalama, na miongoni mwa matatizo yaliyojulikana ni unga wa chuma unaotokana na sehemu zinazosuguana. Kila kiungo kinachosogea ndani ya mwili kinaongeza mahali pa kuharibika.

"Mwenye TB ya mgongo hawekewi chuma"

Wengi wenye TB ya mgongo hupona kwa dawa bila kisu. Lakini pingili ikiliwa mpaka mgongo ukaporomoka, upasuaji huhitajika, na titani hutumika huku dawa zikiendelea kwa miezi mingi. Hapa keji ndefu inayopanuka inafaa sana, kwa kuwa pengo la kila mgonjwa ni tofauti, nayo inarefuka mpaka ilijaze.

Kuhusu MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa: titani haivutwi na sumaku. Mwambie fundi wa picha kwamba unayo, naye atajua la kufanya.

"Ya kisasa inaishinda ya kawaida"

Keji inayopanuka ni ghali zaidi, na tafiti zinazoilinganisha na isiyopanuka hazijaonyesha wazi kwamba wagonjwa wake wana maumivu machache baadaye. Nililisema hili mbele ya watu waliokuwa wakichanga pesa, na haikuwa rahisi.

Swali nililompa shangazi ampelekee daktari lilikuwa moja: mifupa yake ina nguvu kiasi gani? Alipimwa, ikaonekana imepungua kiasi. Daktari akachagua keji yenye nyayo pana, na baada ya upasuaji akatueleza kwamba aliacha kuzungusha kabla haijafika mwisho, kwa sababu mshipa ulikuwa umeshapata nafasi. Sasa shangazi anatembea mwenyewe hadi soko la Mutindwa. Mwezi wa sita atapigwa picha, na nitakachokitafuta kwanza ni kivuli cheupe cha mfupa kikipita ndani ya keji kutoka pingili hadi pingili.