Thomson Yupi? Mkutubi Anapokutana na Ubini Mmoja Wenye Watu Wengi

Kazi yangu maktabani ni katalogi. Msomaji akiandika jina la mtu, mimi ndiye ninayepaswa kuhakikisha kwamba anapata vitabu vya mtu huyo, si vya mwingine. Katika majina ya Kiingereza ninayokutana nayo, hakuna linalonishughulisha kama Thomson. Halina ugumu wowote wa kuliandika. Shida ni kwamba limebandikwa kwenye mnyama, maporomoko, maua, kanuni za fizikia, runinga, magazeti na hata tuta la chini ya bahari, na msomaji anayeyakuta yote haya chini ya herufi T huona kama yametoka nyumba moja.

Hayakutoka nyumba moja. Ubini wa Kiingereza unatupotosha kwa sababu uliganda. Kwetu Juma wa Ali ni Juma Ali, na mwanawe Hamisi ni Hamisi Juma, hivyo jina la babu linazidi kusogea nyuma kila kizazi. Thomson nalo lilianza hivyohivyo, mwana wa Thom, ila lilifika mahali likasimama, likarithiwa na watu ambao baba zao hawakuitwa Thom. Na kwa kuwa Thomas ni jina la mtume, na lilijaa kila kijiji cha Uskoti na Uingereza, akina Thom wengi wasiojuana walianzisha kila mmoja ukoo wake. Hakuna babu mmoja wa akina Thomson wote, ndiyo maana kila kitu chenye jina hilo inabidi kiulizwe peke yake: nani alikiita hivyo, na alimkusudia nani?

Nianze na yule tunayemjua zaidi huku kwetu, Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa Penpont mwaka 1858. Alifika mara ya kwanza kama mwanajiolojia kijana katika msafara wa Keith Johnston, ulioondoka Dar es Salaam mwaka 1879. Wiki chache baadaye Johnston alifariki Behobeho, mahali palipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ya leo, na Thomson, akiwa na miaka 21, akabaki kiongozi. Msafara ulifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma bonde la Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, na jibu alilorudi nalo ni kwamba hakukuwa na makaa ya kufaa. Halafu ikaja safari iliyompa umaarufu, ile ya 1883 hadi 1884, kutoka Mombasa kupita Taveta, chini ya Kilimanjaro, Naivasha na Baringo, katikati ya nchi ya Wamasai, mpaka Ziwa Viktoria na kurudi.

Katika vielelezo vilivyopelekwa London alikuwamo swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni. Albert Günther wa British Museum alimwandika kisayansi mwaka 1884 na kumpa jina la msafiri; leo anaitwa Eudorcas thomsonii. Waongoza watalii wa Serengeti na Maasai Mara humwita swala tomi, na wengi wao wanaweza kukueleza habari za Joseph bila kusita. Hapo hakuna utata.

Maporomoko ya Nyahururu ndiyo yenye mtego. Maji ya mto Ewaso Narok yanaanguka pale kama mita 74, na kwa miaka mingi ramani ziliyaita Thomson's Falls, jina ambalo mji wenyewe ulilibeba kabla ya kuitwa Nyahururu. Takriban kila mtu hudhani Joseph aliyapa maporomoko jina lake mwenyewe. Lakini simulizi iliyozoeleka yasema aliyapa jina la baba yake. Baba huyo aliitwa William Thomson, fundi mwashi aliyepanda hadi kumiliki machimbo ya mawe. Kwa hiyo katika katalogi swala anaelekezwa kwa Joseph na maporomoko kwa William, na si kosa la kupuuza ukiyachanganya, kwa sababu yanaeleza matendo mawili tofauti. Swala ni heshima aliyopewa na mwanasayansi aliyekaa London. Maporomoko ni mtoto aliyebeba jina la mzazi wake na kulitua juu ya maji ya watu wengine. Safari hiyohiyo ndiyo iliyoita milima ya Nyandarua Aberdare, kwa heshima ya rais wa Royal Geographical Society ambaye hakuwahi kuiona.

Na nikifika hapa siwezi kumpita Chuma. Mnyapara wa msafara wa 1879, mtu aliyejua njia, posho na namna ya kuwaweka pamoja wapagazi wasitoroke, alikuwa James Chuma, Myao, mmoja wa wale waliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874. Jina la James alipewa alipobatizwa Bombay. Chuma halikuwa jina la ukoo; lilikuwa jina lake yeye. Katalogi za Ulaya zinamgeuza "Chuma, James", kana kwamba kulikuwa na familia ya akina Chuma mahali fulani. Mimi humwandika kwa Chuma pia, kwa kuwa ndipo msomaji atakapomtafuta, lakini naongeza maelezo kwamba si ubini. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya akina Thomson hazimtoshi kila mtu, na ni wajibu wetu sisi wakutubi wa Afrika Mashariki kulisema hilo ndani ya rekodi zenyewe.

Turudi kwenye viumbe, maana Kilatini cha wanabotania kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Ukiona thomsonii, mwisho ule wa -ii unamhusu mwanamume. Swala tunamjua. Ila Rhododendron thomsonii, ua jekundu la Himalaya, halina uhusiano na Joseph Thomson: mwanabotania Joseph Hooker alimpa heshima hiyo rafiki yake Thomas Thomson, daktari na mwanabotania aliyewahi kusimamia bustani ya mimea ya Calcutta. Na ukiona thomsoniae, huyo ni mwanamke. Clerodendrum thomsoniae, mmea utambaao wenye maua meupe na kiini chekundu ambao huenda unao kwenye baraza yako, asili yake ni Afrika Magharibi, na uliitwa hivyo kwa ombi la mmisionari William Cooper Thomson, aliyefanya kazi katika Nigeria ya leo, kwa kumbukumbu ya mke wake aliyefariki. Herufi moja mwishoni inambeba mwanamke mzima. Hii ndiyo sababu huwa mkali kwa wapiga chapa wanaodondosha ile a.

Upande wa fizikia ndiko wanafunzi wanakoumia zaidi. William Thomson, si yule mwashi, alizaliwa Belfast mwaka 1824 na akawa profesa Glasgow akiwa na miaka 22. Yeye ndiye wa kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, na ndiye wa jaribio alilofanya na James Joule katika miaka ya 1850: gesi ikipenyezwa kwenye tundu jembamba na kutanukia upande wa pili, mara nyingi inapoa. Mbinu za mwanzo za kuigeuza hewa kuwa kimiminika zilijengwa juu ya tabia hiyo. Alishiriki kutandaza waya wa telegrafu chini ya Atlantiki, akapewa cheo cha Sir mwaka 1866, na mwaka 1892 akawa Lord Kelvin, jina la mto unaopita karibu na chuo chake. Mtu mmoja, majina mawili: kazi zake za ujana zinamtaja Thomson, za uzeeni zinamtaja Kelvin, na kizio cha joto kikachukua jina la mto. Bila kiungo kati ya majina hayo, msomaji anapata nusu ya mtu.

Mwanafizikia wa pili, Joseph John Thomson, alizaliwa karibu na Manchester mwaka 1856. Mwaka 1897 alionyesha kwamba miale ya kathodi ni chembe nyepesi mno kuliko atomi yoyote, yaani elektroni, na mwaka 1906 akapata Tuzo ya Nobel. Mtawanyiko wa Thomson ni wake: mwanga unapogonga elektroni huru hutawanyika pande zote. Ule mng'ao mweupe unaolizunguka jua linapopatwa kikamilifu, sehemu yake kubwa karibu na jua ni mwanga uliotawanywa namna hiyo. Na hapa, tofauti na wanafizikia wengine wa jina hili, kuna undugu wa kweli. Mwanawe, George Paget Thomson, alipata Nobel ya 1937 kwa kuonyesha kwamba elektroni ina tabia ya mawimbi. Baba alithibitisha chembe, mwana akathibitisha wimbi, na wote wawili walikuwa sahihi. Sijui simulizi nzuri kuliko hiyo katika historia ya fizikia.

Yupo Elihu Thomson pia, naye mzaliwa wa Manchester, mwaka 1853, lakini familia yake ilihamia Philadelphia angali mtoto. Kampuni yake ya umeme, Thomson-Houston, iliungana na ya Edison mwaka 1892 na kuzaa General Electric. Tawi la Ufaransa, lililoanzishwa 1893, ndilo chimbuko la runinga za Thomson na la kampuni ya vifaa vya kijeshi ambayo tangu mwaka 2000 inaitwa Thales. Anayedhani runinga hizo zina uhusiano na mgunduzi wa elektroni anafikiri kwa akili kabisa, kwa kuwa runinga za zamani zilichora picha kwa elektroni. Hata hivyo si kweli.

Wengine niwapitie haraka. Robert William Thomson wa Stonehaven alisajili hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, miongo minne kabla ya Dunlop. Charles Wyville Thomson aliongoza wanasayansi wa Challenger, meli ya kuchunguza bahari, 1872 hadi 1876, na lile tuta la chini ya bahari kati ya Uskoti na visiwa vya Faroe ni lake. Mshairi James Thomson ndiye wa maneno ya "Rule, Britannia!", wimbo wa kizalendo wa Uingereza, ya mwaka 1740.

Roy Thomson anahitaji uangalifu. Alizaliwa Toronto mwaka 1894, mtoto wa kinyozi, akajenga himaya ya magazeti iliyofika hadi kumiliki The Times ya London. Kwake ndiko ilikotoka Thomson Reuters ya mwaka 2008, na pia kampuni ya utalii ya Thomson ambayo Uingereza iliijua kwa jina hilo hadi 2017, ilipobadilishwa kuwa TUI. Taasisi ya kufundisha wanahabari, Thomson Foundation, aliianzisha mwaka 1962. Mtoto wake Kenneth alikusanya michoro na kuikabidhi Art Gallery of Ontario, Toronto, ambako inaitwa Mkusanyiko wa Thomson. Ndani yake kuna kazi nyingi za Tom Thomson, mchoraji wa misitu ya Kanada aliyefariki mwaka 1917. Mkusanyiko ni wa Thomson, michoro ni ya Thomson, na anayetajwa na neno la kwanza siye anayetajwa na la pili.

Maktaba hutenganisha watu hawa kwa miaka ya kuzaliwa na kufa, kwa kazi waliyofanya, na siku hizi kwa namba: ISNI humpa kila mwandishi tarakimu 16 zisizofanana na za mwingine. Namba haijali ubini. Ukiwa msomaji wa kawaida, mwaka wa kuzaliwa unatosha. Andika Thomson 1856 na utampata wa elektroni. Thomson 1858, wa swala. Na angalia tahajia: wote niliowataja hawana p. Thompson mwenye p ni mwingine kabisa, kama Benjamin Thompson, yule Count Rumford aliyechunguza joto linalotokana na kutoboa mizinga, na vitabu vyake viko kwenye rafu nyingine.