Kusafisha draiva ya porti ya siriali: uchafu wetu na uchafu wa chipu

Porti ya siriali, ile njia ya kale ya kutuma data biti moja moja kwenye waya, imeshazikwa mara nyingi, ila haifi. Bodi mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza, kabla skrini, mtandao na USB havijaamka, sauti ya kwanza kusikika hupitia waya ule. Ndiyo maana msimbo wake (draiva) ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, haukai bila kuguswa, na ndiyo maana umejaa viraka (mabadiliko madogo ya msimbo) juu ya viraka: kila aliyepita aliongeza mstari wa kunusuru kifaa chake akaenda zake.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha msimbo huo. Kusafisha ni kubadilisha umbo bila kugusa tabia: baada ya kiraka, baiti zitoke kwenye waya zilezile na kwa mpangilio uleule. Kuandika si tatizo. Shughuli ni kutambua mstari upi ni mbaya kwa sababu mtu aliuandika ovyo, na upi unaonekana mbaya kwa sababu chipu yenyewe ndivyo ilivyo.

Uchafu wa watu kwanza. Kila draiva ina kitanzi cha kutuma. Kama kuna herufi ya dharura, yaani XON au XOFF (za kumwambia upande wa pili aendelee au asimame), hiyo inatangulia. Kama bafa, yaani ghala la baiti zinazosubiri, ni tupu au mtiririko umesimamishwa, zima intarapti ya kutuma (ishara ambayo chipu huitumia kuiita draiva) uondoke. La sivyo, chota baiti, iandike kwenye rejista ya chipu (kisanduku chake kidogo cha data), sogeza mkia wa bafa (alama ya baiti inayofuata kutoka), ongeza hesabu ya zilizotumwa, kisha rudia mpaka FIFO, foleni ndogo iliyo ndani ya chipu, ijae. Baiti zikibaki kwenye bafa chini ya 256, mwamshe anayeandika alete nyingine.

Hakuna ugumu hapo, na ndiyo shida: kitu rahisi kinanakiliwa. Draiva kwa draiva, kitanzi kilekile kiliandikwa upya kwa mkono, na nakala zikaanza kuachana njia. Mwaka 2022 Ilpo Järvinen alileta kisaidizi kidogo, `uart_xmit_advance`, kinachosogeza mkia na kuongeza hesabu kwa pamoja. Katika kupitia draiva ili zikitumie, ikaonekana kwamba zile za Tegra, chipu za NVIDIA, zilikuwa zinasogeza mkia bila kuhesabu. Data ilifika salama. Takwimu ndizo zilizokuwa za uongo, na hakuna jicho lililoliona hilo mpaka mistari miwili ilipolazimishwa kuwa mmoja.

Mwaka uleule Jiri Slaby akakikusanya kitanzi chote katika `uart_port_tx`. Mwaka 2024 bafa ya mviringo yenyewe ikang'olewa, ikawekwa kfifo, foleni ya kawaida ya kerneli. Huo mfuatano haukuja kwa bahati. Ungeanza na bafa wakati vitanzi bado vimetawanyika, ungelazimika kubadilisha hesabu za kichwa na mkia kila mahali kwa mkono, na kosa la baiti moja lingejificha popote.

Sasa uchafu wa chipu, ambako naenda polepole. Fungua msimbo wa familia ya 8250, chipu za porti ya siriali, sehemu inayoanzisha porti. Utakuta rejista nne zinasomwa mfululizo, LSR (hali ya laini), ya kupokelea, IIR (chanzo cha intarapti) na MSR (hali ya modemu), na matokeo hayatumiki popote. Yanatupwa tu. Mtu mwenye mkono mwepesi ataifuta mistari hiyo na kiraka chake kitaonekana kizuri. Ila kwenye chipu hii kusoma ni kitendo: ukiisoma rejista, unafuta alama iliyokuwa ikisubiri ndani yake. Ile mistari inamwaga intarapti za zamani kabla ya kuanza kazi.

LSR ndiyo inayostahili hadhari zaidi. Biti zake za 1 hadi 4 zinasema kama baiti ilimwagika kwa kukosa nafasi, kama pariti (biti ya kukagua makosa) imekosewa, kama fremu, yaani baiti na biti zake za kuanza na kumaliza, imevunjika, kama upande wa pili umetuma ishara ya mkatizo. Ukisoma LSR mara moja, zimefutika. Sasa tuseme sehemu ya kutuma inaisoma ili kujua kama chipu imemaliza kutoa baiti. Swali hilo halina ubaya, lakini jibu lake limebeba habari za mpokeaji, naye akija baadaye anakuta patupu. Kwa hiyo draiva ina sehemu yake ya kuhifadhia, `lsr_saved_flags`, inayowekewa akiba zile biti za makosa kila LSR inaposomwa na asiyehusika. Ukikutana nayo bila kujua historia utadhani ni kigezo kilichosahaulika.

Mfano mwingine uko kwenye jedwali la aina za chipu. Chipu ya 16550A imeandikiwa FIFO ya baiti 16. Ile ya 16550, bila A, imeandikiwa 1. Si kosa la uchapaji. FIFO ya 16550 ya mwanzo ilikuwa na hitilafu, hivyo kerneli inajifanya haipo. Gharama yake inahesabika: kwa kasi ya 115200, baiti moja pamoja na biti zake za kuanza na kumaliza ni biti 10, yaani kama mikrosekunde 87. Bila FIFO, huo ndio muda wote ulio nao wa kuitikia intarapti. Baiti 16 zinakupa karibu milisekunde 1.4. Hata hivyo ile 1 nisingeigusa.

Kufuli, zinazozuia sehemu mbili za msimbo kugusa porti kwa wakati mmoja, nazo zina mtego wake. Mtindo wa sasa ni kufuli linalojifungua lenyewe bloku ikiisha, na naupenda, kwa sababu unaondoa zile njia za kutokea ambamo mtu husahau kufungua. Lakini konsoli ya 8250, inayoandika ujumbe wa kerneli kwenye porti, haikai vizuri ndani ya mtindo huo. Kerneli ikiwa inaanguka, konsoli inajaribu tu kushika kufuli. Ikishindwa, inaandika hivyohivyo. Ndivyo inavyotakiwa, maana aliyelishika huenda ndiye aliyekufa, na ukimsubiri hutauona ujumbe unaoeleza kifo chake. Sharti hilo linaudhi macho, na nimeliacha.

Viraka nakata vidogo hata nikionekana mchoyo: kimoja kibadilishe jina, kingine kihamishe mstari, kingine kifute. Kuhama na kubadilika havikai kiraka kimoja, kwani `git bisect`, zana ya kutafuta kiraka kilicholeta kosa, ikimfikisha mtu kwenye kiraka cha mistari 600 haijamsaidia kitu. Baada ya kila kimoja naunganisha pini ya kutuma na ya kupokea, napitisha faili kubwa, kisha natazama `/proc/tty/driver/serial`. Idadi ya tx (zilizotumwa) na rx (zilizopokelewa) zinapaswa kulingana. Ila waya huo mfupi haujawahi kuniletea mkatizo wala fremu iliyovunjika, kwa hiyo kiraka kinachogusa LSR nakipima pia na kifaa cha pili kilichowekwa kasi tofauti kwa makusudi, nione kama fe, hesabu ya fremu zilizovunjika, inapanda inavyotakiwa.