Kupunguza asilimia 35, kutoka wapi?

Hapa Kigoma sentensi hii nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye semina, na juzi nikaisikia Kibirizi kwa watu wanaosubiri boti: Tanzania imeahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 35 ifikapo 2030. Anayeisema huwa anamaanisha kwamba moshi wa 2030 utakuwa pungufu ya wa leo kwa zaidi ya theluthi. Sivyo ahadi inavyosema.

Gesi joto ni kabonidayoksaidi, methani na wenzao, zinazozuia joto la dunia lisitoke kwenda angani. Zinatoka kwenye mafuta, mkaa, misitu inayochomwa, ng'ombe, majaruba ya mpunga. Hilo wengi wanalijua, tusikae hapo.

Palipo na shida ni kwenye neno "kupunguza". Hakuna kupunguza bila kipimo cha kuanzia, na vipimo viko vya aina mbili. Uingereza, kwa sheria yake ya 2008, ilijifunga kushuka kwa asilimia 80 kutoka kiwango cha 1990 ifikapo 2050, na mwaka 2019 ikaongeza lengo hadi sifuri halisi, yaani gesi yoyote inayobaki kutolewa ilinganishwe na inayoondolewa hewani. Mwaka 1990 umeshapita, hesabu yake ipo, haibishaniwi sana. Ahadi ya Tanzania ya 2021 inasema asilimia 30 hadi 35 chini ya makadirio, yaani chini ya kiwango ambacho nchi ingefikia 2030 kama isingechukua hatua yoyote. Kiwango hicho hakijawahi kuonekana na mtu. Kimekokotolewa.

Chukua nyumba moja ya Mwandiga inayochoma gunia mbili za mkaa kwa mwezi. Vijana wanaoa, wajukuu wanakuja, wanakadiria kwamba 2030 watachoma gunia nne. Wakiahidi kupunguza robo ya makadirio, watachoma tatu. Wametimiza ahadi, na mkaa umeongezeka.

Simaanishi kwamba ni ujanja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi unatambua kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani, na nchi ambayo vijiji vyake bado vinasubiri nguzo za umeme haiwezi kupimwa sawa na iliyochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili. Ila kipimo cha makadirio kina udhaifu wake. Ahadi ya kwanza, ya 2015, ilitaja makadirio ya tani milioni 138 hadi 153: tofauti ya tani milioni 15 kabla hatujapunguza hata moja. Anayepandisha makadirio anaweza kupandisha na asilimia, na angani kusibadilike kitu.

Ndiyo maana maneno "kuimarisha sera", yanayosemwa ahadi inapoongezwa, nayo yanahitaji uangalifu. Kutoka asilimia 10 hadi 20 za mwaka 2015 kwenda 30 hadi 35 ni kuimarisha, na Mkataba wa Paris, makubaliano ya dunia ya 2015 kuhusu tabianchi, unataka kila ahadi mpya iizidi ya zamani. Lakini sera huimarika pia kwa njia ambayo haihitaji asilimia. Mkoa huu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, umeme ukitoka kwenye majenereta ya dizeli. Jenereta linapozimwa kwa sababu gridi imefika, dizeli ile haichomwi tena, na lita zake zinahesabika kwenye risiti za jana. Huko ndiko kupunguza kwa maana ambayo watu wa Kibirizi waliielewa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, asilimia zako ziache kama zilivyo. Ongeza tu maneno matatu baada yake, "chini ya makadirio", na kama muda unaruhusu, utaje kwamba sehemu ya ahadi hiyo inategemea fedha na teknolojia kutoka nje.