Wati kwa kilo: namba inayowagombanisha mashabiki wa baiskeli

Ukifuatilia mbio kubwa za baiskeli, hasa Tour de France, hii kitu utakutana nayo mapema sana. Jamaa kashinda hatua ya mlimani, jasho halijamkauka, tayari mashabiki washaanza: "6.5 kwa dakika 40? Huyo si mzima". Mwingine anajibu kwamba upepo ulikuwa mgongoni, wa tatu anamtaja Lance Armstrong, yule bingwa aliyepokonywa mataji kwa dawa, na hapo ndo basi tena, hakuna anayemsikiliza mwenzie. Hizo namba ndo wati kwa kilo.

Wati inapima nguvu, yaani kazi ambayo miguu inafanya kila sekunde. Mtu wa kilo 80 na mtu wa kilo 62 wote wakitoa wati 400, kwenye tambarare yule mzito wala hana shida, ila njia ikianza kuinuka anaachwa, kwa sababu kila mmoja anabeba mwili wake kwenda juu. Kwa hiyo unagawa nguvu kwa uzito: 400 kwa 80 ni 5, 400 kwa 62 ni kama 6.45. Hesabu yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba sisi mashabiki wati zenyewe hatuzioni. Baiskeli zina vipimo vya nguvu ila mwenye data ni timu, na timu nyingi hazina haraka ya kuigawa kwa mahasimu. Kwa hiyo watu wanazikokotoa kutoka kwenye saa. Chukua mpandaji wa kilo 65, baiskeli na nguo na chupa kilo 9, jumla 74. Mlima una urefu wa kilomita 13 na unainuka mita 1,000, yeye kaumaliza kwa dakika 36. Kuinua kilo 74 mita 1,000 kwa muda huo, peke yake, inataka kama wati 336. Ongeza hewa anayoipasua, tairi kusugua lami, na kinachopotea kwenye mnyororo, unafika 400 na kidogo. Gawa kwa 65, unapata kama 6.2.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Watu wanagombana sana kuhusu uzito wa mpandaji, eti timu imedanganya kilo mbili, wakati kilo mbili hazisogezi jibu kiasi hicho maana zinapungua juu na chini ya mgawanyo. Muongo mkubwa ni upepo. Kwenye mfano huo huo, weka kaupepo ka mita 2 kwa sekunde kanakomsukuma mgongoni, kale ambako kwenye runinga hata bendera hazionyeshi vizuri, na ghafla anahitaji wati 20 na zaidi pungufu, ambayo ni karibu 0.4 kwenye wati kwa kilo! Hiyo tofauti inatosha kumtoa mtu kwenye "yuko vizuri" hadi "huyu katumia kitu". Na hapo hujagusa kwamba alikaa nyuma ya mwenzie nusu ya mlima, wala saa ilianza kuhesabiwa kona gani. Rekodi ya Marco Pantani, mpandaji Mwitaliano wa miaka ya 1990, pale mlima wa Alpe d'Huez mpaka leo inatajwa kwa muda tofauti tofauti kwa sababu watu hawaanzi kupima sehemu moja.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Chris Froome kwenye Tour ya 2015, siku aliyowapiga wote mlima wa La Pierre-Saint-Martin. Runinga ya Ufaransa ikaja na makadirio ya 7.04. Timu yake, Sky, ikajibu kwa kutoa data: wastani wa wati 414, halafu wakasema gia zake za mbele zisizo duara kamili zinafanya kipimo kisome juu kwa kama asilimia 6, kwa hiyo jibu lao ni 5.78. Mtu mmoja, mlima mmoja, siku moja. Kati ya 5.78 na 7.04 pana nafasi ya kila mtu kuamini alichokuja nacho, na ndivyo ilivyokuwa.

Lakini mashabiki hawakuanza kushuku kwa sababu wana roho mbaya. Miaka ya 1990 dawa ya EPO ilikuwa inaongeza chembe nyekundu za damu, damu inabeba oksijeni zaidi, na kipimo cha kuikamata hakikuwepo hadi 2000. Kuanzia 1997 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, waliweka tu mpaka wa hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) asilimia 50, ukizidi unapumzishwa. Pantani mwenyewe alitolewa Giro d'Italia, mbio kubwa ya Italia, ya 1999 kwa hilo akiwa anaongoza. Bjarne Riis, bingwa wa Tour 1996, alikiri mwenyewe 2007. Armstrong akapokonywa mataji 7 ya Tour mwaka 2012. Baada ya hapo unategemea watu wafanye nini, waamini tu?

Ndo akatokea kocha Antoine Vayer, aliyewahi kufanya kazi na timu ya Festina, akaweka ngazi zake kwa mpandaji wa mfano wa kilo 70: wati 410 ni ya kushukiwa, 430 muujiza, 450 huyo sio binadamu wa kawaida. Ngazi hizo zimeshika sana vichwani mwa watu. Shida yake ni kwamba ukweli umezikimbia. Mwaka 2024 Tadej Pogačar alipanda mlima wa Plateau de Beille dakika tatu na zaidi haraka kuliko Pantani wa 1998, na Jonas Vingegaard aliyekuwa wa pili naye akaipita ile rekodi. Wengine wakasema basi yameisha, ushahidi huo. Wengine wakasema siku ile mlima ulipandwa kwa kasi tangu chini, baiskeli na tairi si zile za zamani, na siku hizi watu wanakula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa. Hizo sababu zote ni za kweli, kama zinatosha kufikisha dakika tatu, hapo ndo ubishi ulipo. Pogačar hajawahi kukutwa na kosa la dopingi (kutumia dawa zilizokatazwa), na hilo nalo liwekwe mezani.

Maana wati hazijawahi kumfungia mtu. Armstrong aliangushwa na ushahidi wa wenzake wa timu. Wengine wamekamatwa na polisi, na tangu 2008 kuna pasipoti ya kibiolojia inayofuatilia damu ya mtu miaka na miaka ikitafuta mabadiliko yasiyoelezeka. Wati kwa kilo inakwambia kapanda kwa kasi gani, haikwambii kwa nini.

Inakosaidia kweli ni kwenye fomu, yaani kujua mpandaji yuko vizuri kiasi gani. 6.2 kwa dakika 15 na 6.2 kwa dakika 40 ni vitu viwili tofauti kabisa, na 6.2 kwenye mlima wa kwanza wa siku si sawa na ya mlima wa mwisho, wiki ya tatu, baada ya saa tano barabarani. Kwa hiyo mtu akikurushia namba muulize dakika ngapi, upepo ulitoka wapi, na alikuwa nyuma ya nani.