Samaki Aliyeanza Kujificha Ghafla: Usiseme "Atazoea"

Kazi yangu ni kutibu samaki wa tangini. Wengi ninaoletewa huja wakiwa wamechelewa, na kilichowachelewesha ni neno moja: "atazoea." Mwenye tangi humwona samaki amejibana nyuma ya jiwe, akasema ana haya. Siku ya tatu bado anasema atazoea. Siku ya tano ananipigia simu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana.

Je, kujificha ni ugonjwa?

Hapana, ni dalili. Samaki hujificha akiogopa, akionewa na wenzake, akikosa kundi lake, au maji yakimdhuru. Naanza na maji, kwa sababu ndiyo yanayoua.

Samaki wangu ni mgeni, ana siku tatu tu. Naye nisimsubiri?

Mgeni anaweza kupewa siku chache, hata wiki mbili, mradi anapumua taratibu, anakula hata kama ni usiku, na maji umeyapima. Lakini samaki aliyekuwa akija kwenye kioo kila akikuona, kisha leo hatoki, huyo hana cha kuzoea. Alikwisha kuzoea zamani. Kuna kitu kimebadilika humo ndani, na kinachobadilika mara nyingi ni maji. Pima leo.

Maji yangu ni maangavu kabisa. Bado nipime?

Ndiyo, pima. Amonia ni sumu isiyoonekana kwa macho. Samaki wenyewe huitoa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye chujio. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukiwaua, maji yatabaki maangavu na samaki watakufa humo humo.

Kuna mtu alinitumia video fupi. Tangi linang'aa, mimea ya kijani kibichi, na samaki watano wamesongamana nyuma ya hita, mapezi yamekunjwa mwilini, matamvua yanapiga haraka haraka. Nikauliza amonia ikoje. Hakuwa amepima, kwa kuwa maji "yako safi." Siku mbili kabla, alikuwa ametoa sponji la chujio akaliosha kwa maji ya bomba mpaka likawa jeupe. Klorini ya bomba iliwamaliza bakteria. Alipopima, amonia ilikuwa miligramu 2 kwa lita. Inatakiwa iwe sifuri. Samaki wawili hawakupona.

Sponji la chujio lisuuzwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, tena kidogo tu, libaki na rangi yake ya udongo.

Nimepima, amonia ipo. Nifanye nini?

Badilisha kati ya theluthi na nusu ya maji sasa hivi. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani na yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha ndooni usiku kucha hupunguza klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haiondoki kwa njia hiyo. Ongeza hewa kwa pampu. Siku hiyo usiwalishe. Chujio usiliguse. Kesho pima tena, na amonia au nitriti ikiwa bado ipo, badilisha tena.

Tafadhali usimimine dawa za magonjwa kwa kubahatisha. Maji yakiwa mabaya, dawa humwongezea samaki mzigo.

Maji ni mazuri, samaki bado hawaonekani. Niondoe mawe na mimea ili watoke?

Usiondoe. Ongeza. Samaki asiye na pa kukimbilia hathubutu kwenda katikati ya tangi; aliye na pango karibu huogelea wazi, kwa sababu anajua akishtuka atafika. Panda mimea pembeni na nyuma, weka mapango zaidi ya idadi ya samaki wanaoyagombea, na uache uwazi mbele. Funika kioo cha nyuma na viwili vya ubavuni kwa karatasi nyeusi. Changarawe nyeusi pia inasaidia, kwani sakafu nyeupe humulika samaki kutoka chini.

Taa nayo itazame. Samaki wetu wengi hawana kope za kufumba. Ukiwasha taa kali ghafla gizani, hutawanyika na kujigonga. Washa kwanza taa ya chumba, subiri kama nusu saa, ndipo uwashe ya tangi. Saa 8 kwa siku zinatosha. Mimea inayoelea juu hupunguza ukali wake.

Ninao wawili tu wa aina hiyo. Je, ndiyo sababu?

Huenda ndiyo. Neon tetra na Corydoras ni samaki wa kundi. Anza na 6, na tangi likiruhusu wafike 10. Wawili huishi kwa hofu. Ila usiwaongeze kabla amonia na nitriti hazijawa sifuri, na wageni wakae kwanza kwenye tangi la pekee kwa wiki chache. Betta dume ni kinyume chake: usimchanganye na dume mwenzake.

Wapo pia samaki wa usiku, kama kuhli. Hao wameumbwa kutoka gizani, waacheni.

Nitajuaje kama anaonewa?

Tegesha simu irekodi tangi, kisha utoke chumbani kwa dakika 20. Ukiwa umesimama pale, mchokozi naye hutulia. Tazama nani anafukuzwa kwenye chakula na mapezi ya nani yamechanika. Mchokozi mtenge.

Watoto hugonga kioo ili samaki watoke. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa, na naomba ukome leo, kwa watoto na kwa watu wazima. Samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi kila mtikisiko wa maji. Kila ukigonga, unamfundisha kwamba mtu akisogea ni hatari. Badala yake, keti kimya karibu na tangi, mpe chakula kidogo cha kuisha ndani ya dakika mbili, saa ile ile na kona ile ile kila siku. Baada ya wiki chache wengi huja wenyewe wakikuona.

Lini nitafute mtaalamu bila kungoja?

Samaki akihema juu ya maji, akilala ubavu, akiwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, tumbo likivimba na magamba kusimama, au akikataa kula siku tatu. Njoo siku hiyo hiyo. Njoo na majibu ya amonia, nitriti, joto na pH (kipimo cha asidi ya maji), uniambie mara ya mwisho uliosha nini na uliongeza nini. Nikikuta amejificha tangu juzi na maji hayajapimwa, tutaanza na kupima maji, na siku mbili zake zitakuwa zimekwisha kupotea.