Msiniambie Tena "Waweke Betri Tu"

Tangu boda za umeme zienee, haipiti wiki hapa Malindi bila mtu kunisimamisha: "Fundi, nyinyi wa ndege mnangoja nini? Si mtoe injini muweke betri?" Juzi aliyeuliza ni kijana anayesomea urubani, na hapo subira ikaniishia.

Chukueni Caravan, ndege tuliyoizoea huku Pwani. Uzito wake wa juu wa kuruka haufiki tani 4, na ikiwa tupu ina zaidi ya tani 2. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya leo ina kama robo ya kilowati-saa. Najua turbini ndogo, yaani injini ya Caravan, hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kuwa joto, na mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Nimeshaihesabia betri faida hiyo. Hata hivyo, Lamu hadi Nairobi inataka betri ya tani 3 hivi. Abiria atakaa wapi?

Haya, tuchukue safari fupi, Malindi hadi Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, nusu saa. Betri ya tani 1. Hapo muulizaji huchangamka. Lakini ndege hairuki na nishati ya safari tupu. Lazima iwe na akiba ya walau nusu saa nyingine, na siku mvua ya kusi imefunika Manda, mimi nisingepanda na pungufu ya hapo. Tayari ni tani 2, na Caravan haibebi tani 2, hata ukimhesabu rubani. Tarehe 28 Mei 2020 Caravan ya umeme iliruka kweli huko Moses Lake, Marekani, ikakaa hewani dakika 30. Ilikuwa kazi kubwa na naiheshimu. Abiria hawakuwemo.

Linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba nishati ni mzigo tu, unaushusha huu unaupandisha ule. Mafuta ya Caravan yamo ndani ya mabawa. Hewani bawa linasukumwa juu, uzito wa mafuta unalivuta chini, na shina la bawa, pale linaposhikana na mwili wa ndege, linapata nafuu. Kadiri ndege inavyokwenda mafuta yanaungua, inakuwa nyepesi, inahitaji nguvu kidogo, na inatua ikiwa nyepesi kuliko ilivyoruka. Ndege nyingi kubwa haziruhusiwi hata kutua na uzito wa juu zinaoruhusiwa kuruka nao. Betri iliyoishiwa na chaji ina uzito uleule. Kwa hiyo unaimarisha magurudumu, uzito unaongezeka. Unapanua bawa, linataka nguvu zaidi. Nguvu inataka betri nyingine. Ukigusa kimoja umegusa vyote.

Ndiyo maana kazi ya kubuni injini mpya inafanywa kwa ushirikiano. Mwaka 2021 watengenezaji wa injini GE na Safran, kupitia CFM, kampuni yao ya pamoja, walitangaza mradi wa RISE: injini ya feni isiyo na ganda, inayolenga kupunguza matumizi ya mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Feni pana namna hiyo huwezi kuichomeka tu chini ya bawa lililopo, basi mtu wa injini na mtu wa bawa wanachora pamoja tangu mwanzo. Ulaya ina Clean Aviation, mpango wa pamoja wa utafiti wa ndege, kwa kazi kama hizo. NASA, shirika la anga la Marekani, nao walikuwa na X-57, mradi wa ndege ya umeme uliofungwa mwaka 2023 kabla ndege hiyo haijaruka. Wengi waliicheka. Mimi naona waliyoyachapisha kuhusu betri zilizopata moto kupita kiasi kwenye majaribio yana faida kwa kila anayefuata njia hiyo.

Haidrojeni? Kwa kilo ina nishati karibu mara tatu ya mafuta, lakini ikiwa kimiminika inahitaji baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri na tangi la ujazo kama mara nne. Tangi hilo haliingii kwenye bawa. Airbus waliahidi ndege ya haidrojeni ifikapo mwaka 2035, na mwaka 2025 wakakiri kwamba mambo yanakwenda polepole kuliko walivyotarajia.

Kwa safari ndefu naegemea mafuta endelevu, yale yanayotengenezwa kwa mimea na taka badala ya mafuta ya ardhini, kwa kuwa ndege tulizonazo zinayakubali yakichanganywa. Kenya Airways waliyajaribu Mei 2023 kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Wasiwasi wangu ni wingi na bei. Sioni mbegu, shamba na maji ya kutosheleza kila ndege, na anayeniambia hilo limeshatatuliwa simwamini.

Kwa safari fupi, injini mseto, ya mafuta na umeme pamoja, naiona inakuja. Lakini hata hapo, kurudisha kilowati-saa 250, yaani kujaza ile betri ya tani 1, kwa nusu saa kunataka kilowati 500 mfululizo, kwa ndege moja, katika uwanja wa Manda, jua la saa nane likichoma na chumvi ya bahari ikila kila kiungio cha shaba. Nikipata nafasi ya kuwauliza watafiti wa ndege hizi swali moja, nitauliza ni nani wa umeme na ni nani wa viwanja vidogo kama hivi aliyeketi nao walipokuwa wakichora.