Acheni kuongeza maji kwenye shampuu

Nimetumiwa tena picha ya vichupa vya safari. Vimepangwa mstari, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu nene, shampuu, losheni, sanskrini (mafuta ya kukinga jua), maji ya lensi, mwenyewe anaondoka kwa miezi kadhaa na anasubiri nimsifie. Mimi kazi yangu ni kutengeneza hivyo vilivyomo ndani, na nimechoka na hii imani kwamba bidhaa ni ule uji tu na chupa ni pambo, kwa hiyo unaweza kuhamishia popote, na ukiona inapungua unajazia maji kidogo isogeesogee.

Hayo maji ndiyo yananipandisha presha. Shampuu tayari sehemu kubwa ni maji, ndo maana inatiwa kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia vijidudu visizaliane, na kihifadhi kimepimwa kwa ujazo ule uliotoka kiwandani na si kwa ujazo wako. Chukua kihifadhi kinachoitwa fenoksiethanoli, hii utaikuta kwenye losheni nyingi tu, sheria za Ulaya zinairuhusu hadi asilimia 1. Tuseme iliyomo ni asilimia 0.8, wewe unaongeza maji nusu kwa nusu, umebaki na 0.4, pamoja na bakteria uliowachota bombani, halafu unafunga kifuniko na kukiacha kichupa bafuni kwenye joto. Bakteria aitwaye Pseudomonas anataka nini kingine? Huyo mdudu anaishi majini, haringi kwa chakula, hata sisi viwandani ndiye anayetukosesha usingizi. Mwenye ngozi nzima mara nyingi haoni kitu, na hapo ndipo ubishi unapoanzia, lakini mwenye kidonda au mwenye kinga dhaifu, au ikiingia jichoni, hiyo ni habari nyingine kabisa. Halafu eti "mbona hainuki?" Jamani, si tumeitia manukato! Losheni inaweza kuwa na mamilioni ya bakteria kwenye gramu moja na bado ikawa nyeupe, laini, inavutia.

Kichupa kilicholowa ni kosa hilohilo kwa mlango wa nyuma. Unakiosha, unakikung'uta mara mbili, unajaza. Angalia pale kifuniko kinapojifungia, kwenye ile mizunguko, kuna maji yamekaa. Kiache wazi, kimeinamishwa, kikauke kabisa, hata kama ni kesho.

Sasa ukiniuliza losheni iliyohamishwa vizuri inakaa muda gani, hakuna aliyeipima ikiwa ndani ya kichupa chako. Ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M, yaani miezi 12 tangu ufungue, inazungumzia kifungashio chake cha asili, na hata hapo kuna makadirio ndani yake, nimeshakaa vikao ambavyo 12 ilipita kwa sababu wenzetu wote wameandika 12. Watu huwa nawaambia miezi mitatu. Ni uzoefu tu huo, usiende kuusema kama sayansi.

Sanskrini usihamishe, basi. Vichujio vyake, yaani viambato vinavyozuia miale ya jua, vimejaribiwa pamoja na ile tyubu, plastiki nyingine inaweza kuvinyonya au kuvivuruga na hutajua mpaka umeungua. Na hata hivyo kichupa cha ml 50 kwa safari nzima ni mzaha, kipimo cha maabara ni miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, mwili wa mtu mzima unakula kama ml 30 kwa mpako mmoja, kwa hiyo hicho hakitoshi hata mara mbili. Safari ndefu maana yake utanunua hukohuko, kwa nini unabeba kama unaenda mwezini?

Mengine haraka haraka. Ile sheria ya vimiminika visivyozidi ml 100 kwa chupa kwenye mkoba wa kabini, tuliyonayo tangu 2006 baada ya njama ya vilipuzi vya kimiminika kule Uingereza, inasoma chupa na si kilichobaki ndani, kwa hiyo chupa ya ml 200 yenye tone moja wanaichukua. Viwanja vingine vimelegeza, ila kiwanja utakachopitia ukirudi huenda hakijalegeza. Ndani ya ndege ni kama uko mlimani, kwenye mita 2,000 hivi, hewa ya kwenye kichupa inatanuka na kusukuma losheni nje, kwa hiyo kibonyeze hewa itoke ndipo ufunge. Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha baadhi ya plastiki, iache kwenye chupa yake.

Na yale maji ya lensi za macho. Hapa sina utani. Yanatoka kiwandani yakiwa hayana kijidudu hata kimoja, ukiyamimina tu kwenye kichupa kingine, hata ukikichemsha, huwezi tena kusema hivyo, na yanakwenda moja kwa moja jichoni, chini ya lensi, yanakaa humo siku nzima. Kama hujapata chupa ndogo ya kiwandani, vaa miwani.